Mwanafunzi akishtaki kuonewa na wenzake, shule inaandika wapi?

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefundisha sekondari hapa Tanzania kwa muda mrefu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa pia mwalimu wa malezi, kwa hiyo mengi nitakayoyaeleza nimeyaona nikiwa ndani ya ofisi. Kila tukio la mwanafunzi kuumizwa na wenzake linapofika kwenye simu zetu, mjadala huishia kwenye maswali mawili: watoto wa siku hizi wanalelewaje, na mkosaji achapwe au afukuzwe. Ni wachache wanaouliza shule ilifanya nini siku ilipopewa taarifa, ingawa ukifuatilia utakuta mara nyingi taarifa ilikwisha kufika, tena zaidi ya mara moja.

Tutazame kwanza jinsi taarifa yenyewe inavyosafiri. Katika shule ya bweni, mtoto wa kidato cha kwanza, yule ambaye wakubwa humwita njuka, akinyang'anywa sabuni, akivunjiwa tranka au akiamshwa saa kumi alfajiri ili akamchotee maji ya kuoga mwanafunzi wa kidato cha nne, mtu wa kwanza anayetakiwa kumwambia ni kiranja wa bweni. Kiranja huyo analala bweni hilo hilo na mtuhumiwa, pengine ni rafiki yake, na wakati mwingine mtuhumiwa ni yeye mwenyewe. Akiamua kulifikisha, litakwenda kwa patroni, kutoka kwa patroni liende kwa mwalimu wa zamu, kisha kwa mwalimu wa nidhamu, na kila linapopita linapunguzwa kidogo kwa nia njema ya kutokuza mambo, hata linapofika ofisini limekuwa "madogo wamegombania ndoo".

Huko ofisini watoto wote wawili husimamishwa pamoja mbele ya meza. Mwalimu anauliza nani alianza. Aliyeonewa anapaswa kujibu akiwa amesimama bega kwa bega na mtu atakayelala naye chini ya paa moja usiku ule ule, na wala si ajabu kwamba wengi husema "tulikuwa tunataniana, mwalimu". Asiposema hivyo, mkubwa huchapwa, au wote wawili huchapwa kwa kosa la kugombana, kisha wanaambiwa washikane mikono na warudi darasani. Jambo limekwisha. Ni kweli limekwisha kwa upande wa ofisi.

Sasa naomba mtazame kitabu kilichopo juu ya meza hiyo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu maalumu. Shule nyingi zinacho kitabu hicho, hata zile zinazokijaza kwa kuruka kurasa. Ukikifungua utakuta jina la aliyechapwa, kosa lililoandikwa kwa maneno mawili, mara nyingi "utovu wa nidhamu", idadi ya viboko na saini. Jina la aliyeumizwa halimo. Hakuna panapoonyesha kwamba mtoto fulani wa bweni fulani alikuja kulalamika, aliambiwa nini, na nani alipewa kazi ya kumwangalia. Mtoto huyo akirudi baada ya majuma mawili na kumkuta mwalimu mwingine wa zamu, lalamiko lake linahesabiwa kuwa la kwanza. Akirudi mara ya tatu, ataanza kuonekana kuwa yeye ndiye msumbufu.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Shule zetu hupokea taarifa ya uonevu kama kosa la nidhamu linalosubiri hukumu, wakati ni taarifa ya mtoto anayehitaji kulindwa kuanzia saa ile, na mahali pa kuanzia kulirekebisha hilo ni maandishi: daftari la malalamiko lenye jina la anayelalamika, lenye hatua, mhusika na tarehe ya kurudi kuangalia.

Tofauti hii si ya kinadharia. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi Norway na ambaye maelezo yake ya uonevu ndiyo yanayotumiwa na wengi hadi leo, alitaja mambo matatu: kuna dhamira ya kuumiza, kitendo kinajirudia, na aliyetendewa hana nguvu sawa na mtendaji. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wanaorushiana ngumi kwa sababu ya mpira wamegombana, na kuwapatanisha ni jambo la busara. Njuka anayefua sare za mkubwa kila Jumamosi hajagombana na mtu yeyote. Ukimwambia amshike mkono yule mkubwa, umemtaka akubali mbele ya mashahidi kwamba naye alikuwa na sehemu yake katika ugomvi, na umemwonyesha mkubwa kwamba bei ya mwezi mzima wa kufuliwa nguo ni viboko vinne.

Wafini, watu wa Finland, wana mpango wa shule unaoitwa KiVa, ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli. Jambo moja katika mpango huo ni rahisi mno hata nashangaa kwamba halijawa desturi huku kwetu, nalo ni mpangilio wa mazungumzo. Anasikilizwa kwanza aliyeonewa, peke yake. Kisha wanaitwa waliomwonea, kila mmoja peke yake, wasipate nafasi ya kulinganisha majibu. Baada ya hapo wanatafutwa wanafunzi wachache wanaoheshimiwa na wenzao, wanaombwa wawe karibu na yule mtoto. Baada ya siku kadhaa wahusika wanaitwa tena kuulizwa kama hali imebadilika. Hakuna fedha inayohitajika hapo zaidi ya muda wa mwalimu, na najua muda wa mwalimu ni fedha, mtanisuta baadaye.

Kuhusu sheria, tusijidanganye kwamba hatuna. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumdhalilisha, na kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mwalimu ni mwanajamii. Programu ya Shule Salama, iliyoingia sekondari kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, inataka shule iwe na mwalimu wa ushauri na unasihi aliyepewa mafunzo. Simu ya Mtoto, namba 116, haina malipo. Vyote hivyo vipo, lakini ni nani anayeanza navyo siku ya Jumanne saa mbili usiku mtoto anapokuja analia nyumba ya patroni? Ningependa kusikia wazazi, wakuu wa shule na ninyi mliotoka shuleni juzi mnasemaje.

Mama wa mabinti wawili

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa kulileta jambo hili kwa utulivu.

Binti yangu mkubwa alisoma bweni katika mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Shule sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kuichafua. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, nami sina ugomvi na utaratibu huo. Mtoto akitaka kuzungumza na nyumbani anatumia simu ya matroni, siku ya Jumapili, kwa zamu, akiwa amesimama pembeni ya matroni, na simu imewekwa sauti ya juu ili mazungumzo yasiwe ya siri. Kwa muhula mzima binti yangu aliniambia "mimi mzima, mama", na mimi nikaamini, kwa sababu ni sauti yake niliyoisikia. Siku ya kutembelewa ndipo nilipoona kovu kwenye mkono na nywele zilizokatwa vibaya upande mmoja, na hata hapo hakusema mpaka tulipokaa nyuma ya basi, mbali na wenzake.

Nilikwenda ofisini. Nilipokewa vizuri, nilipewa kiti na soda, na nikaambiwa suala hilo linafahamika na "tulishalimaliza". Niliuliza lilimalizwaje. Sikupata jibu ninaloweza kulirudia hapa. Nilipotaja kwamba nitakwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi, ili mtoto atibiwe na liandikwe, sauti zilibadilika mara moja. Niliombwa nisilipeleke mbali, kwamba wale wasichana wana mitihani ya kidato cha nne, na kwamba jina la binti yangu mwenyewe litachafuka. Ninyi mlio ofisini mnajua maneno hayo, nadhani yanatumika nchi nzima.

Mwisho wake nilimhamisha. Nimezungumza na wazazi wengine tangu wakati huo, na nimeona kwamba anayehama karibu kila mara ni aliyeonewa. Anaacha shule aliyochaguliwa, analipiwa ada mahali pengine, ananunuliwa sare nyingine, na anafika katikati ya mwaka akiwa mgeni tena, yaani njuka kwa mara ya pili. Waliomwonea wanabaki kwenye vitanda vyao. Kwa hiyo ninaunga mkono daftari, lakini ninaomba liwe na ukurasa ambao mzazi anausoma na kutia saini. Mimi sikuwa naomba mtu achapwe. Nilikuwa naomba nijulishwe.

Mkuu wa shule mstaafu

Marahaba, mama, nami nikupe pole. Mleta uzi ameandika vizuri, ila ameandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti cha mwisho. Nitasema mambo ambayo hayapendezi.

Kwanza, mwalimu wa malezi anafundisha vipindi kamili kama wenzake. Hakuna anayempunguzia. Matroni na patroni katika shule nyingi za serikali ni walimu walioongezewa kazi, au ni watu wanaolipwa kwa michango ya wazazi, na wanaweza kuacha kazi mwezi wowote michango ikikwama. Ninyi mnazungumzia kumsikiliza kila mtoto peke yake. Mimi nilikuwa na mabweni ambayo usiku yalikuwa na mtu mzima mmoja, naye analala nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja. Viranja hawakubuniwa ili watese wenzao. Walibuniwa kwa sababu hakuna mtu mwingine.

Pili, mtuhumiwa naye ni mtoto na ana mzazi. Nimewahi kupigiwa simu na watu wakubwa kabla sijamaliza hata kumsikiliza aliyeumizwa. Mkuu wa shule hawezi kumfukuza mwanafunzi kwa uamuzi wake. Jambo hilo linapita Bodi ya Shule, na Bodi inataka ushahidi, na ushahidi wa bwenini ni watoto ambao watakwambia walikuwa wamelala.

Tatu, na hili ndilo ambalo mleta uzi amelikwepa: shule inayoandika huonekana mbaya. Ukiwa na daftari lenye malalamiko mengi, na shule jirani haina hata moja, afisa anayesoma taarifa za robo mwaka atakuuliza wewe una tatizo gani. Hatamuuliza jirani yako. Nimewaona wakuu wa shule waaminifu wakiitwa kujieleza, na wale waliofagia kila kitu chini ya mkeka wakipongezwa kwa utulivu wa shule zao. Mkitaka watu waandike, rekebisheni hapo kwanza.

Nakubaliana na jambo moja bila masharti. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipozuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, wamiliki wengi wa shule walilalamika. Mimi nilifurahi. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kuelezea kinachompata usiku, na hakuna daftari litakalomsaidia.

Msomaji kutoka Nakuru

Hamjambo. Nawasalimu kutoka Kenya, ambako mambo haya yamefika mbali kuliko ninavyotamani kueleza.

Kwetu mwanafunzi mgeni huitwa mono. Mwanzoni mwa mwaka 2017 habari za mateso ya wanafunzi wa kidato cha kwanza katika Shule ya Upili ya Alliance, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa kabisa nchini, zilifika kwenye magazeti. Wizara ilituma wachunguzi, viranja wakatajwa kuwa miongoni mwa watesaji, baadhi ya wanafunzi wakasimamishwa, na mkuu wa shule akaomba kustaafu mapema. Wengi walishangilia kwamba hatua zimechukuliwa. Mimi nilijiuliza kwa nini ilihitajika gazeti. Desturi ile haikuanza mwaka ule. Wanaume wenye mvi walikuwa wakiisimulia kwenye sherehe huku wakicheka, na baadhi yao walikuwa wazazi wa watoto waliokuwa bwenini wakati huo. Naamini hilo huziba masikio ya ofisi kuliko uhaba wa walimu: mkubwa anayepokea taarifa aliwahi kuwa mono, alivumilia, akafaulu, na moyoni anaona kwamba mtoto huyu naye atavumilia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kimwili na kiakili, na inamwekea anayefanya hivyo faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inaanza kufanya kazi baada ya mtu kulalamika na mwingine kukubali kusikia.

Ningependa pia mzee mkuu mstaafu akumbuke Nyeri, mwaka 1999, ambapo wanafunzi waliteketeza vyumba vya viranja wakiwa wamelala na viranja wanne wakapoteza maisha. Hakuna malalamiko yanayoweza kuhalalisha unyama ule, wala sitaki kutafuta sababu moja ya jambo zito namna hiyo. Ninachosema ni kwamba kumkabidhi kijana wa miaka 17 mamlaka ya polisi, hakimu na mpokea malalamiko kwa pamoja ni hatari kwa kijana huyo pia. Baada ya miaka kadhaa Kenya ilianza kuhamia kwenye mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Matokeo hutofautiana shule kwa shule, na mahali pengine ni viranja wale wale waliobadilishiwa jina, lakini pale ambapo kiongozi anajua kwamba anahitaji kura za wadogo, lugha bwenini hubadilika.

Aliyemaliza kidato cha sita

Shikamooni. Naomba niseme kidogo kwa niaba ya tuliokuwa upande wa pili wa meza.

Shule yetu ilikuwa na sanduku la maoni. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya bluu, na limetundikwa ukutani nje ya ofisi ya walimu, mkabala na mlango wa darasa la kidato cha nne. Ukitaka kutumbukiza karatasi ulikuwa unatazamwa na watu wote ambao karatasi yako inawahusu. Kufuli lake lilikuwa na kutu, na tuliamini kwamba ufunguo ulipotea kabla hatujafika. Mkaguzi akija anaonyeshwa sanduku na anaandika kwamba lipo.

Bwenini kwetu kila mtu alijua nani anaonewa. Walimu hudhani ni siri baina ya watu wawili, lakini kitanda kina watu juu na chini na kushoto na kulia. Hatukusema kwa sababu anayesema huitwa mchongezi, na mchongezi huchukua nafasi ya yule aliyemtetea. Kwa hiyo nilipoona maelezo ya ule mpango wa Finland, kilichonivutia ni wale wanafunzi wachache wanaoombwa wakae karibu na aliyeonewa. Kama mwalimu angeniita mimi na wenzangu wawili na kutuambia "mwacheni huyu ale nanyi, aende nanyi kisimani", ningekubali. Nisingekubali kutaja majina.

Na tusisahau shule za kutwa. Mdogo wangu anasoma kutwa, na uonevu wake unaanza saa kumi jioni, kwenye kundi la WhatsApp ambalo wanafunzi wamelianzisha kwa simu za wazazi wao. Picha yake inachorwa pembe na kusambazwa. Walipokwenda kushtaki, shule ilijibu kwamba simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo haihusiki.

Mleta uzi

Nimesoma michango yote, na nashukuru kwamba hakuna aliyetukana hadi sasa. Nitajibu kwa kadiri ninavyoweza.

Mzee mkuu mstaafu, sikuikwepa hoja yako ya tatu, ila umeieleza vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi. Ni kweli kwamba idadi ya malalamiko hutumiwa kama kipimo cha ubaya wa shule. UNESCO mwaka 2019 ilikusanya takwimu za nchi nyingi na kukuta kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Ukiwa na shule ya mamia ya wanafunzi na daftari lako halina hata jina moja kwa mwaka mzima, tafsiri ya kweli ni kwamba watoto hawaji. Afisa Mthibiti Ubora wa Shule anayepita angepaswa kuliogopa daftari tupu. Angepaswa pia kuuliza swali la pili, nalo ni muda: tangu lalamiko lilipoandikwa hadi mtoto aliporudi kuulizwa hali yake, zilipita siku ngapi? Wanorway wameliweka jambo hilo kwenye sheria. Mwaka 1982 vijana watatu wa kaskazini mwa nchi yao walijiua, uonevu ukaonekana kuwa nyuma ya vifo vyao, na mwaka uliofuata wakaanza kampeni ya taifa. Tangu mwaka 2017, mwanafunzi au mzazi aliyelifikisha jambo kwa mkuu wa shule, juma moja likapita na haoni linaloendelea, anaweza kulipeleka kwenye ofisi ya serikali ya mkoa, na ofisi hiyo ina mamlaka ya kuiamuru shule ifanye nini. Sisemi tuinakili sheria ya nchi yenye walimu wa kutosha. Ninasema kwamba kipimo cha juma moja hakihitaji utajiri.

Kuhusu uhaba wa watu, nakubali, na ndiyo maana napendekeza daftari na sipendekezi idara mpya. Mwalimu wa zamu anajaza mistari michache: nani amekuja, amesema nini kwa maneno yake mwenyewe, amepelekwa wapi kulala usiku huo, nani atamwona tena na lini. Neno "kulala" nimeliweka kwa makusudi. Kabla ya kujua nani ana kosa, mtoto anaweza kuhamishiwa kitanda kilicho karibu na mlango wa patroni, au mtuhumiwa akahamishwa bweni kwa muda. Mimi napendelea ahame mtuhumiwa, hata kama baadaye itaonekana hana hatia, kwa sababu kuhama bweni kwa siku chache si adhabu, na kwa sababu yule mama ameeleza hapo juu nini hutokea tunapozoea kumhamisha aliyeonewa. Najua wapo watakaopinga hilo.

Hoja ya mzee kwamba mtuhumiwa naye ni mtoto na ana mzazi ina uzito. Jina la mtuhumiwa lisiandikwe kwenye ukurasa ambao mzazi wa aliyeonewa anausoma. Anahitaji kujua shule imefanya nini kumlinda mtoto wake, na hana haja ya kutembea na jina la mtoto wa mwenzake. Daftari likae kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, kwenye kabati lenye kufuli linalofanya kazi, tofauti na lile sanduku la bluu. Mkuu wa shule alisome kila Ijumaa na kutia saini. Lisikae kwa mwalimu wa nidhamu. Nawaheshimu sana wenzangu wa nidhamu, lakini mtoto akiona kwamba malalamiko yake yanaandikwa na mkono ule ule unaoshika fimbo, atahesabu kwanza gharama, na wadogo wengi wataona ni heri kuendelea kufua.

Kuna makosa ambayo hayapaswi kuandikwa na kusubiri Ijumaa. Mtoto aliyejeruhiwa, au aliyefanyiwa jambo lolote la kingono, anapelekwa hospitali na polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anajulishwa. PF3 haiichafui shule. Ningefurahi kama mkuu wa shule angekuwa yeye anayempeleka mzazi kituoni.

Kijana uliyemaliza kidato cha sita, jibu walilopewa kuhusu WhatsApp si sahihi. Shule haimiliki simu, lakini inawamiliki wanafunzi wote wawili kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi mchana, na yule mtoto anaingia darasani asubuhi akijua kwamba kila mmoja ameiona picha. Shule inaweza kuwaita wazazi ambao simu zao zilitumika, na nakuhakikishia kwamba wengi wao hawajui kundi hilo lipo. Hilo nalo liandikwe.

Mjumbe wa Bodi ya Shule

Nimefuatilia kimyakimya. Bodi yetu inakutana mwezi ujao, na kwa kawaida tunaletewa taarifa ya taaluma, taarifa ya fedha na taarifa ya nidhamu, ambayo huorodhesha utoro, mimba na waliosimamishwa. Naweza kuomba ajenda ya malalamiko ya wanafunzi iongezwe, lakini mwenyekiti ataniuliza tunapokea nini hasa, maana majina hayawezi kusomwa mbele ya wajumbe ambao ni wazazi wa watoto wale wale.

Mleta uzi

Ndugu mjumbe, msipokee majina. Ombeni namba nne kwa kila muhula: malalamiko yaliyopokelewa, yaliyopata mtu wa kuyafuatilia, yaliyorudiwa kuangaliwa ndani ya siku saba, na waliokuja kulalamika mara ya pili baada ya kuambiwa kwamba jambo limekwisha. Namba ya mwisho ndiyo ya kujadiliwa, na hapo mkuu wa shule aulizwe kwa upole, kwa sababu mkimkaripia katika kikao cha kwanza, muhula unaofuata mtaletewa sifuri.

Uliza pia nani anashika ufunguo wa kabati wakati mwalimu wa unasihi amekwenda kusahihisha mitihani. Kwetu swali hilo lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote, na tulimaliza kwa kuchonga ufunguo wa pili, ambao upo kwa makamu mkuu wa shule.